Jicho Halina Spea

Leo tuzungumzie mng'aro. Wenye magari ya zamani wanaijua ile mikanda ya alumini inayozunguka vioo. Miaka ikipita huvaa ukungu, na hata ukiisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka mkono ufe ganzi, ukungu uko pale pale. Sababu ni kwamba unachosugua si uchafu. Kiwandani alumini hiyo ilitumbukizwa katika tindikali ikapitishiwa umeme, ikaota utando mgumu, mwembamba kuliko unywele, wa kuikinga isiliwe na hewa na chumvi. Utando huo ndio uitwao anodaizi. Ukitaka mkanda ung'ae kama kioo, sharti uondoke kwanza.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Katika gereji bubu zetu nimewaona vijana wakiuondoa kwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Sikatai, inafanya kazi. Lakini wanaikoroga kwa kijiti, mikono mitupu, macho wazi. Tone moja jichoni laweza kumpofusha mtu. Wengine huikorogea katika sufuria, nayo sufuria ni ya alumini! Soda huila, huchemka, na kutoa gesi inayoshika moto.

Basi kazi ifanywe kwa utaratibu. Ndoo iwe ya plastiki. Maji yatangulie, soda ifuate kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake. Pawe na glovu za mpira, miwani ya kazi na hewa ya kutosha. Sigara ikae mbali. Mkanda ukianza kutoa mapovu mengi, utando umekwisha. Utolewe na kusuuzwa kwa maji tele. Ndipo uje msasa wa maji, namba 400, 800, kisha 1500, na mwisho kitambaa na dawa. Soda ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha akimbizwe hospitali.

Nawe mwenye gari, ujue kuwa mkanda uliovuliwa utando hauna kinga tena. Kwa hewa hii ya pwani, utaupaka nta mara kwa mara. Kama uko radhi, sawa. Ila glovu na miwani ya fundi vinunue wewe, kabla hamjapatana bei. Mkanda ukiharibika utapata mwingine. Jicho la yule kijana halina spea.