Mbegu Haihifadhiwi na Nyumba Moja

(Mazungumzo ya mwanachama mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Tangu asubuhi tumezungumza habari za kahawa, nami sikusudii kuipunguzia heshima yake. Lakini kahawa hutulipa kwa msimu, na mboga huliwa kila siku. Kwa hiyo niwieni radhi nikisema machache juu ya nyanya za kihambani kwangu.

Msimu mmoja nilinunua mbegu za nyanya chotara, zikazaa vizuri sana. Nikajiona bingwa, nikahifadhi mbegu za matunda yale na kuzipanda tena. Yaliyoota hayakufanana: mche huu mrefu, ule mfupi, huu wazaa matunda makubwa, ule vijitunda. Bwana shamba akanieleza kwamba kosa halikuwa la mwuzaji. Chotara ni mtoto wa wazazi wa aina mbili, na uzao wake hautulii. Anayetaka mavuno yaleyale hana budi kununua mbegu mpya kila msimu.

Mwaka ule fedha zangu zote zilikuwa zimekwenda kwenye karo ya shule. Basi nikauona mnyanya ulioota wenyewe nyuma ya zizi, kando ya lundo la samadi. Nilikwisha kuushika niung'oe, mama yangu akasema, "Mwanangu, uache. Huo ni mnyanya wa bibi yako." Matunda yake yalipoiva yalikuwa mapana, yenye mikunjo kama mfuko uliofungwa kamba mdomoni, na ladha yake ilikuwa kali na tamu pamoja. Mama, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akila kidogo tu, alionja mchuzi wake akaomba aongezwe.

Siisifu nyanya ile kwa kuwa ni ya kienyeji. Nyanya yenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wa Meksiko waliilima kabla Wazungu hawajafika kwao. Naisifu kwa sababu mbegu yake huzaa mfano wake. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo aina iliyokwisha kutulia haibadiliki upesi mkulima akiitunza.

Na kuitunza si kazi ngumu. Chagua mche kwanza, ndipo uchague tunda. Tunda kubwa la mche mgonjwa laweza kukuletea ugonjwa mwakani, maana baadhi ya maradhi husafiri katika mbegu. Acha tunda liive kabisa. Kamua mbegu pamoja na ute wake katika chombo, uziache siku 2 au 3 mpaka ute ulegee. Zioshe, uzimwage zile zinazoelea, na zilizozama uzianike kivulini juu ya sahani. Zikikauka barabara, zitie katika chupa kavu yenye kifuniko, uandike aina na mwaka. Zikikaa pakavu na penye ubaridi, zitafaa kwa miaka kadhaa.

Hayo yote niliyafanya, na bado nilikaribia kuipoteza. Chupa yangu ilikuwa moja, katika nyumba moja, na kifuniko hakikukaza. Masika yalipokwisha nilikuta mbegu zimeota ukungu. Kilichoniokoa si ujuzi wangu. Jirani yangu alikuwa ameniomba mbegu kiganja kimoja mwaka uliotangulia, nami nilimpa kwa shingo upande. Nilikwenda kwake kuomba nilichokuwa nimemnyima kwa moyo. Akanipa bila neno.

Ndugu wanachama, sisemi tuache mbegu za dukani. Nyanya hii ina ngozi laini. Haivumilii tenga wala safari ndefu, na kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, haibagui. Ya kupeleka soko la mbali na iwe ile iliyotengenezwa kwa safari. Hii ni ya chungu chetu na ya gulio la karibu.

Ninachoomba ni kwamba kila chama cha msingi kiulize wazee wake ni mbegu gani za bustani zimebaki vihambani, na kila aina ikabidhiwe kwa nyumba tatu zisizopakana. Tusikimbilie kuziuza kwa pakiti, kwa maana Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ina masharti yake juu ya biashara hiyo. Tumwone afisa kilimo kwanza. Shabaha yetu iwe kuzitunza.

Wazee walisema akiba haiozi. Yangu ilioza, kwa kuwa niliifungia peke yangu. Ile niliyompa mwenzangu ndiyo iliyo bustanini kwangu leo.