Soda mwenye kugonjwa kichwa apelekwe kwa muganga, si kashoo
Maneno yetu kwa vijana wa Kasenga, Uvira



Leo tunakuja kusema juu ya basoda na bademobe wenye tunaishi nao hapa hapa, ndani ya avenue zetu. Wengine waliingia vitani mwaka 1996 wakiwa kadogo. Leo wana watoto wakubwa. Wengine wametoka front juzi tu.

Namna inapitaka tunaijua. Pikipiki inalia usiku, baba anaruka, anaona adui ndani ya nyumba. Mama anakimbia kuomba musaada. Wenye kuitwa wanafika na pingu. Asubuhi mugonjwa iko kashoo, na jamaa inatafuta franka za kumutoa.

Kwa mwenye angali anavaa uniforme ni mbaya zaidi. Akitoka kambini bila ruhusa kwenda kutafuta dawa, sheria ya kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inaweza kumuhesabu mutoro. Akishikwa na woga na kurudi nyuma, anaweza kushitakiwa kukimbia adui, kosa lenye adhabu ya kifo. Na tangu Machi 2024, serikali iliondoa kizuizi cha kutimiza adhabu hiyo, chenye kilidumu toka 2003. Sasa nani atasubutu kumuambia komanda wake: «Chef, kichwa yangu haiko sawa»? Atanyamaza. Na mugonjwa mwenye kunyamaza, bunduki iko mukononi, ni hatari kwake, kwa bibi yake na kwa Kasenga nzima.

Hatusemi mwenye kuua asihukumiwe. Tunasema muganga amupime kwanza. Katiba, article 47, inahakikisha haki ya afya. Haikuandika «isipokuwa soda».

Kwa hiyo tunaomba:

– Polisi: mugonjwa apite hospitali mbele ya kashoo.
– Oditora ya jeshi: kuomba musaada kusiwe kosa, na hakuna hukumu bila ripoti ya muganga.
– P-DDRCS: iseme wazi ni franka ngapi zinaenda kwa matibabu ya kichwa hapa Uvira. SOSAME iko Bukavu, zaidi ya kilometa 100. Masikini atafikaje?

Na sisi vijana: ukiona demobe anapiga kelele barabarani, usimupige video. Ita jamaa yake, mupeleke pamoja kwa muganga.

Vita ilimuchukua muzima. Tusimurudishie jela.