Tepu Kabla ya Kipanya: Hatua za Kwanza za Kuchora kwa Kompyuta

Mada kwa warsha ya walimu wa ufundi wa ujenzi, Meru na Embu



Nimeombwa nizungumzie mbinu za msingi za kuchora kwa AutoCAD na programu za jamii yake. Historia nitaipita mbio. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akisomea uzamifu katika chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza Sketchpad. Mtu alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, na ncha ya mstari ikisogea karibu na ncha ya mwenzake, ilinaswa hapo hapo. AutoCAD yenyewe ilitoka 1982. Suala hilo la kunasa ncha nitalirudia, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi za wanafunzi wetu.

Ninalotaka kusema ni hili: mwanafunzi asishike kipanya kabla hajashika tepu.

Kijana aliyesoma uchoraji wa kiufundi sekondari amezoea ubao, rula ya T na penseli. Chumba cha mita 3.6 yeye humchorea mwalimu kwa milimita 36, kwa sababu skeli ni 1:100 na karatasi ina mwisho. Akifika kwenye kompyuta anaendeleza mazoea hayo, anaandika 36. Baadaye anaweka mlango wa 900 na mlango unameza nyumba nzima. Kwenye kompyuta kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Skeli huja wakati wa kuchapisha. Kitu hiki huchukua dakika tano kukieleza, lakini kisipoelezwa siku ya kwanza kitamsumbua mwanafunzi muhula mzima.

Halafu kuna futi. Huku kwetu ploti inauzwa hamsini kwa mia, kitanda ni tano kwa sita, ilhali ramani tunayopeleka kaunti ni ya milimita. Hamsini kwa mia ni milimita 15,240 kwa 30,480, na kwa skeli ya 1:100 ploti yote inaenea kwenye karatasi ya A3. Hesabu hiyo mwanafunzi aifanye kwa mkono kwanza, kisha apange vipimo vya programu kwa amri ya UN kabla ya mstari wa kwanza.

Sasa zoezi lenyewe. Wapeleke darasani au kwenye chumba cha mlinzi, wapime urefu, upana na unene wa ukuta, waandike kwenye daftari. Tuseme ndani wamepata 3600 kwa 3000, na ukuta ni wa mawe ya 200. Wakirudi kwenye mashine waandike REC, waanzie 0,0, kisha @3600,3000. Huo ni uso wa ndani. Halafu O, 200, na wabofye upande wa nje. Sura ya nje inatoka 4000 kwa 3400, na chumba kimebaki kama kilivyopimwa.

Asiyepima hubofya ndani. Skrini haitamgombeza; mchoro utapendeza vile vile, mistari imenyooka, pembe ziko sawa. Lakini chumba kimekuwa 3200 kwa 2600. Mita 10.8 za mraba zimeshuka hadi 8.32, na mwenye nyumba ataligundua hilo siku anapoingiza kitanda na kabati. Penseli iliyochafua karatasi ilikuwa angalau inatutia shaka. Kompyuta huyapamba makosa.

Kuhusu ncha: F3, inayozinasa, iwe imewashwa daima, na F8 kwa mistari iliyonyooka. Mistari miwili isiyokutana kwa nusu milimita haionekani kwa macho, lakini ukitaka kujaza ukuta rangi au kupata eneo la chumba, programu inagoma. Mfundishe mwanafunzi kukuza pembe na kuitazama, kabla hajailaumu mashine.

Matabaka yafuate mapema: kuta, milango, vipimo, maandishi, kila kimoja mahali pake, kuta mstari wa 0.5, vipimo 0.18. Na stima yetu mnaijua. AutoCAD hujihifadhia nakala kila dakika 10 usipobadilisha mpangilio. Dakika 9 za kazi zinaweza kupotea. Ctrl na S ziwe mazoea ya vidole.

Wengi wenu mtauliza kuhusu ArchiCAD na picha za pande tatu zinazovutia wateja. Zina wakati wake. Binafsi ningependa kwanza kuona mkato mmoja uliochorwa vizuri. Miteremko ya Imenti na Manyatta haina huruma: ardhi ikishuka 1 kwa 10, nyumba ya mita 12 inahitaji upande wa chini uinuliwe milimita 1200, yaani kozi sita za mawe ya 200 kabla ya kufikia sakafu. Ramani ya juu haionyeshi hata jiwe moja kati ya hayo, na pesa za msingi zinaishia hapo.

Upande wa gharama, Autodesk, wenye AutoCAD, huwapa wanafunzi na walimu leseni ya masomo bila malipo, na kwa kompyuta zilizochoka kuna LibreCAD, ambayo ni ya bure kabisa. Amri zake zinatofautiana kidogo, mbinu ni zile zile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo. Mkiandika bajeti ya maabara mwaka ujao, kabla ya kompyuta mpya andikeni tepu za mita 5, moja kwa kila wanafunzi wawili, na wiki mbili za kwanza za muhula ziwe za kupima majengo ya chuo chenyewe.