Mcheza Kwao Hutunzwa: Filamu ya Dansi na Hadhira Isiyokuwepo Uwanjani



Mada niliyoichagua inagusa kila kikundi cha ngoma na dansi ambacho kimewahi kusimama mbele ya kamera: inakuwaje kazi iliyotungwa ili itazamwe na watu walioketi mbele yake inapozinduliwa kwa watu walioko majumbani mwao, kila mmoja na kioo chake?

Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo. Dansi ikiingia kwenye filamu huwa kazi mpya, yenye watunzi wengi kuliko ile ya awali. Ubora wa kazi hiyo mpya unatokana na jinsi mahali palipochezewa palivyoachiwa nafasi ya kufanya kazi yake. Haki ya kazi hiyo inatokana na jinsi wachezaji walivyotambuliwa kuwa ni wenye kazi. Nitaijenga hoja hii juu ya mfano mmoja kutoka Senegal, kisha nitarudi nyumbani.

Kazi iliyokosa ukumbi

Kusini mwa Dakar, kando ya Bahari ya Atlantiki, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Toubab Dialaw. Hapo ndipo ilipo École des Sables, shule ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1998 na Germaine Acogny pamoja na mumewe, Helmut Vogt. Mama Acogny alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal. Kuanzia mwaka 1977 aliongoza Mudra Afrique jijini Dakar, shule iliyotokana na ushirikiano wa Rais Léopold Sédar Senghor na mtunzi wa dansi Maurice Béjart. Mbinu yake ya kufundisha huanzia kwenye uti wa mgongo na husomesha mwili kwa kutazama maumbile: jua, mwezi, nyota, nyoka, mti wa msufi. Mwaka 2021 tamasha la Biennale la Venice lilimtunukia Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikusanyika shuleni hapo kujifunza kazi moja kubwa ya karne ya 20. Muziki wake, Le Sacre du printemps, yaani tambiko la majira ya kuchipua, ulitungwa na Igor Stravinsky. Ulipochezwa kwa mara ya kwanza jijini Paris tarehe 29 Mei 1913, kwa hatua zilizotungwa na Vaslav Nijinsky, ukumbini kulizuka kelele na zogo. Mwaka 1975 Mjerumani Pina Bausch aliutungia hatua zake mwenyewe kwa ajili ya kikundi cha Wuppertal, na dunia ya dansi haijaacha kuizungumzia kazi hiyo tangu wakati huo.

Mradi wa Senegal, wa kuicheza kazi hiyo ya Bausch, ulikuwa wa pande tatu: wakfu wa Pina Bausch, École des Sables, na ukumbi wa Sadler's Wells wa London. Miongoni mwa waliofundisha alikuwepo Josephine Ann Endicott, mmoja wa wachezaji wa mwanzo kabisa wa Bausch. Onyesho la kwanza lilipangwa kufanyika Dakar mwezi Machi 2020, na baada ya hapo kikundi kianze safari ya nchi mbalimbali. Katikati ya mwezi huo, kwa sababu ya UVIKO-19, serikali ya Senegal ilipiga marufuku mikusanyiko ya watu. Safari ikafutwa kabla haijaanza.

Kabla ya kutawanyika, wachezaji walishuka ufukweni jua likielekea kuzama, wakaicheza kazi yote juu ya mchanga. Mwongozaji Florian Heinzen-Ziob na wenzake walikuwepo na kamera. Filamu iliyozaliwa jioni ile iliitwa Dancing at Dusk, na Sadler's Wells iliizindua mtandaoni mwezi Julai 2020, wakati kumbi za maonyesho za nchi nyingi zilikuwa zimefungwa.

Mchanga badala ya mboji

Sasa tuisogelee kazi yenyewe. Jukwaani, Bausch alitaka sakafu yote ifunikwe udongo mweusi wa mboji. Wanawake huvaa vigauni vyepesi, wanaume huwa vifua wazi na suruali nyeusi. Kuna gauni jekundu ambalo hupita mikononi mwa wanawake, kila mmoja akiliogopa, kwa maana atakayelivaa ndiye atakayecheza mpaka afe. Kwa muda wa kama dakika 35 miili hutoka jasho, mboji hunata kwenye ngozi na nguo, na mpaka mwisho hakuna aliye safi. Udongo ule hubadilisha mwendo wa mchezaji, humchosha, humtia doa. Ni mshiriki wa mchezo sawa na watu.

Ulaya udongo huo lazima uletwe. Mafundi wa jukwaa huumwaga na kuutandaza mbele ya macho ya hadhira wakati wa mapumziko, na baada ya onyesho huzolewa. Toubab Dialaw haukuletwa udongo wowote. Ardhi ilikuwepo, ilikuwa mchanga, na mchanga una tabia zake. Kisigino kikitua kwa nguvu, mchanga unakimeza. Anayeruka hana sakafu ngumu ya kumrudisha juu. Nguvu yote lazima itoke kwenye mapaja na mgongo. Kundi likikimbia kwa pamoja, vumbi na nyayo hubaki pale walipopita, na mchezaji wa nyuma anakanyaga mashimo yaliyochimbwa na wa mbele. Hatua ni zilezile za Wuppertal, lakini uzito wake umebadilika.

Mwanga nao uliingia kwenye utunzi. Ukumbini mtaalamu wa taa huweza kuurudia mwanga uleule kila usiku. Machweo hayarudiwi. Mchezo ulipoanza kulikuwa bado na nuru ya kutosha kuuona uso wa kila mtu. Kadiri kundi linavyozidi kumtafuta wa kutolewa kafara, ndivyo nuru inavyozidi kupungua, mpaka aliyechaguliwa anapobaki na gauni jekundu dhidi ya anga na bahari inayofifia. Hakuna aliyelitunga giza lile, ila linakaza kamba ya hadithi kuliko taa yoyote. Na kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kusema turudie tena tangu mwanzo, wachezaji walicheza kama watu wanaojua kwamba jioni hii ndiyo pekee waliyonayo.

Ndiyo maana nasema mahali ni mtunzi. Kazi iliyotungwa Ujerumani juu ya muziki wa Mrusi Stravinsky haikugeuka kuwa ya Kisenegali kwa sababu tu ilichezewa Senegal. Ilichopata ni ardhi isiyokodishwa, na miili iliyofunzwa katika mapokeo mengi ya bara hili. Ngoma ya sabar ya Dakar, dansi za mjini na dansi ya kisasa zote zimo ndani ya migongo ile, hata pale hatua zinapofuata utunzi wa Bausch bila kuongeza wala kupunguza.

Kamera nayo inacheza

Wapo wanaosema filamu ya dansi ni kumbukumbu tu ya onyesho. Historia inawakanusha. Mwaka 1945 nchini Marekani Maya Deren alitoa filamu fupi isiyo na sauti, A Study in Choreography for Camera. Mchezaji ni Talley Beatty, Mmarekani mweusi aliyelelewa kisanaa katika kikundi cha Katherine Dunham. Beatty anaanza kuunyanyua mguu akiwa msituni, na mguu huohuo unatua ndani ya chumba. Baadaye anaruka, na mruko unarefushwa kwa uhariri kupita uwezo wa mwili wowote. Hakuna jukwaa duniani ambalo dansi ile ingewezekana. Imetungwa na miguu ya Beatty pamoja na mkasi wa Deren.

Deren alilielewa hilo akalitendea haki: filamu iliandikwa majina mawili, lake na la Beatty. Miaka zaidi ya 75 imepita na bado mfano huo ni adimu. Mara ngapi tunatazama video ya ngoma iliyo na jina la mpiga picha, jina la kampuni, jina la mfadhili, na wachezaji wakaandikwa kwa jumla, kikundi cha mahali fulani?

Uamuzi wa wapi kamera isimame ni uamuzi wa dansi. Ikikaa mbali, tunaliona kundi kama mwili mmoja na tunapoteza jasho. Ikisogea, tunaupata uso na tunapoteza umbo. Katika kazi kama ya Bausch, ambamo kundi humzunguka mtu mmoja na kumtoa kafara, umbali huo ni suala la maadili ya hadithi: tumtazame anayekufa, au tuwatazame wanaomtazama? Mhariri asiyeujua mpigo wa ngoma atakata pale mguu unapotua, na pigo litapotea. Kwa hiyo mtu wa kamera hana budi kuhudhuria mazoezi, aijue dansi kwa mwili wake, na mchezaji hana budi kuketi kwenye chumba cha uhariri.

Uwanja, jukwaa, kioo

Hapa kwetu suala hili si geni kama linavyoonekana. Baada ya uhuru, Tanganyika iliunda Kikundi cha Ngoma cha Taifa mwaka 1963, na mwaka 1981 kazi hiyo ikachukua sura mpya kwa kuanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Ngoma zilizokuwa zikichezwa uwanjani, watu wakiwa wamezunguka, ziliingizwa jukwaani. Duara likafunguka likawa mstari unaotazama upande mmoja. Ngoma iliyokuwa ikikesha ikafupishwa iwe ya dakika chache. Sindimba, bugobogobo na mganda zikawa zinafuatana katika ratiba moja. Tulipata kitu: taifa lilijiona. Tulipoteza kitu pia: mtazamaji aliyekuwa na haki ya kuingia duarani akawa ameketi.

Kamera ni uhamisho wa pili wa namna hiyo, na safari hii tunayo nafasi ya kuchagua kwa makusudi. Kamera haina upande mmoja. Inaweza kuingia katikati ya duara, ikalizunguka, ikatazama kutoka ndani kwenda nje. Chakacha ikipigwa picha kama inayochezwa jukwaani, tumebeba hasara zote mbili kwa pamoja. Ikipigwa picha kutoka ndani ya duara la wanawake, kwa idhini yao na kwa uongozi wao, huenda filamu ikaturudishia ukaribu ambao jukwaa lilituondolea.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kioo hakiwezi kutoa. Uwanjani mpiga ngoma huisoma hadhira. Vigelegele vikipanda, naye hupandisha. Mtu husimama, akaenda kumtunza mchezaji mkononi au kwenye paji la uso. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko ni sehemu ya ngoma yenyewe: ni njia ya jamii kusema tumekuona, tunajua wewe ni nani. Hadhira ya mtandaoni inaweza kuwa kubwa kuliko ukumbi wowote, lakini mchezaji haisikii. Alikwisha kucheza, jasho lilikwisha kukauka, ndipo watu wakaanza kutazama.

Basi yale ambayo uwanja ulikuwa ukiyafanya kwa desturi, kwenye filamu hayana budi kufanywa kwa mkataba. Jina la kila mchezaji liandikwe mwanzoni au mwishoni mwa filamu, likisomeka. Malipo ya siku ya kupiga picha yatenganishwe na malipo ya kila filamu inapoonyeshwa tena, kwa sababu filamu huendelea kufanya kazi wakati mwili umepumzika au umezeeka. Kama ngoma ni ya jamii fulani, jamii hiyo iulizwe kabla, na nakala ya filamu ibaki kwao. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inawatambua waonyeshaji wa sanaa kuwa ni watu wenye haki zao. Kazi iliyobaki ni kuzifahamu na kuzidai kabla ya kusaini.

Tunalopaswa kufanya

Wachezaji wa Toubab Dialaw hawakuishia kwenye filamu. Mwaka 2021 hatimaye walipanda jukwaani Ulaya, na kazi ya Bausch ilitanguliwa na common ground[s], mchezo wa wanawake wawili wazee, Germaine Acogny na Malou Airaudo, walioutunga na kuucheza wenyewe. Nalitaja hili kwa sababu linajibu hofu ya wengi kwamba mtandao utaua ukumbi. Filamu iliishika kazi isipotee, ikaitambulisha, na ukumbi ulipofunguliwa kulikuwa na watu waliokwisha kuitamani.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa chuo hiki na vyuo dada: wanafunzi wa ngoma, wa filamu na wa sheria wafanye mradi mmoja wa pamoja kila mwaka, watoke na filamu moja ya dansi na mkataba mmoja safi. Nawaomba vikundi msikubali kamera iingie uwanjani kabla hamjakubaliana nani anaiongoza na nani anamiliki kitakachotoka. Nawaomba wafadhili mtenge fungu la uhariri kwa wachezaji wenyewe, maana fedha nyingi huishia siku ya kupiga picha, na maamuzi makubwa hufanywa baada ya siku hiyo.

Na ninyi wanafunzi, ambao karibu kila mmoja wenu ana kamera mfukoni, nawapa jukumu lililo ndani ya uwezo wenu tangu leo. Kabla ya kurusha video ya ngoma yoyote, muulize aliyecheza jina lake, muulize ngoma hiyo ni ya wapi na kama anaridhia, kisha yaandike majibu hayo pamoja na video. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo namna ya kwanza ya kumtunza mchezaji ambaye hatutaweza kumfikia kwa mkono.