Kazi ya Picha za Sitiskani na Mfuko Wetu wa Jamii

Mazungumzo ya mwanachama wetu, mteknolojia wa radiolojia katika hospitali ya serikali, mbele ya wanachama na wageni siku ya sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Buzuruga.



Katibu aliponiambia niandae mazungumzo juu ya kazi yangu nilimwuliza, watu wamekuja kula pilau, nani atakaa kusikiliza habari za mashine? Akanijibu kwamba kila Jumamosi baada ya kuhesabu hisa kuna mtu anamshika mkono pembeni na kumwuliza: hiyo mionzi haiui kizazi? Mbona shemeji aliingizwa kwenye lile tundu na hajapona? Kwa nini picha moja iwe na bei ya mtaji wa dagaa? Basi leo nayajibu hadharani.

Wengi wenu mnajua nilivyofika huko. Mkopo wangu wa pili katika kikundi hiki ndio uliolipa ada ya mwaka wa mwisho wa diploma. Wako waliosema siku ile kwamba mkopo wa kusoma haurudi, kwa sababu kitabu hakiuzwi sokoni. Ulirudi, na riba yake, na mweka hazina yupo hapa ni shahidi.

Jina kwanza. Inaandikwa CT Scan, sisi wenyewe tunatamka sitiskani. Ni ndugu wa eksirei. Eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi Novemba 1895, na picha yake ni kama kivuli cha mtu ukutani: umbo unaliona, lakini mfupa wa mbele na wa nyuma umelaliana. Sitiskani inakata. Haikati kwa kisu, jamani, msiogope! Bomba la mionzi linamzunguka mgonjwa akiwa amelala kitandani, upande wa pili kuna vipokezi, halafu kompyuta inakusanya vipimo vyote na kuchora vipande vyembamba. Mkate mzima ukiutazama hujui kama katikati umeota ukungu. Ukiwa wa slesi unajua, tena unajua ni slesi ya ngapi.

Aliyetengeneza mashine ya kwanza ya hospitali ni Mwingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, hao hao waliokuwa wakitoa santuri za muziki. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo hilo lilimjia mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Nalisema hili makusudi, maana kuna vijana wanadhani kila kitu kimeanzia mbali na Afrika.

Hapa kwetu, kwa muda mrefu mashine hizi zilikuwa katika hospitali kubwa chache tu. Hospitali za rufaa za mikoa zilianza kuzipata kwa wingi baada ya mwaka 2021, kupitia ule mpango wa fedha za UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3. Kwa hiyo mgonjwa ambaye zamani angesafirishwa siku nzima, siku hizi anaweza kupigwa picha mkoani kwake.

Sasa mashine inaona nini? Mashine haioni ugonjwa wala uchawi. Inahesabu namba. Maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, mfupa mgumu unafika 1000 na kupita. Damu iliyotoka kwenye mshipa na kuganda ndani ya kichwa inaonekana nyeupe kuliko ubongo ulioizunguka. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mtu akiamka mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki, mtaani tunasema kapigwa na upepo. Wengine wanasema karogwa na mwenye duka jirani. Hospitalini tunaita kiharusi, nacho ni cha aina mbili. Kimoja mshipa wa kichwani umeziba. Kingine mshipa umepasuka na damu inamwagika. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata daktari hawezi kwa uhakika. Na dawa zake zinapingana: yule aliyeziba anahitaji dawa za kuzuia damu kuganda kama aspirini, na hiyo hiyo aspirini ukimpa aliyepasuka mshipa unaweza kumzidishia damu kichwani. Ndiyo maana daktari anang'ang'ania picha kabla ya dawa. Si tamaa ya fedha. Na tena, kiharusi cha kuziba kinaweza kisionekane kwenye picha ya saa za mwanzo. Picha ikitoka safi msiseme mgonjwa anajifanya.

La pili ni bodaboda. Barabara ya Musoma tunaijua, hainihitaji mimi kuieleza. Kijana anaanguka, anapoteza fahamu kidogo, anaamka, anajipangusa, anasema niko fiti. Anarudi nyumbani, anakula, analala. Kuna jeraha ambalo mshipa unavuja polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo, na mtu anazungumza kama kawaida kwa saa kadhaa kabla hajaanza kuzima. Aliyeanguka na kichwa akianza kutapika, kichwa kikimuuma kwa kuongezeka, akasinzia kusiko kwa kawaida, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, huyo si wa kuachwa apumzike. Huyo ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo. Damu ile ikionekana mapema, daktari wa upasuaji anaitoa na kijana anarudi kazini. Nimewaona waliorudi. Nimewaona pia walioletwa asubuhi, baada ya familia kuchangishana usiku kucha.

Kuhusu mionzi. Mionzi ya picha haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha, kama taa. Lakini si kitu cha kuchezea, hatari yake ndogo ya kuleta saratani baadaye inaongezeka kadiri picha zinavyorudiwa. Kila binadamu anapata mionzi ya asili kutoka ardhini na angani, kwa wastani wa dunia kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Sitiskani ya kichwa ni kama milisiveti 2, yaani kama miezi kumi ya kuishi kawaida. Ya tumbo inafika 8 hadi 10. Eksirei ya kifua haifiki hata sehemu ya kumi ya moja. Kwa hiyo usiombe sitiskani ya tumbo kwa kuwa jirani kapigwa, wala usiikatae ya kichwa wakati mtu anakufa.

Kizazi hakiuawi na picha moja. Lakini mwenye mimba, au anayehisi ana mimba, aseme kabla ya kupanda kitandani. Aseme hata kama mume yuko mlangoni au mama mkwe ndiye aliyemsindikiza. Ninyi niambieni mimi sikioni. Kwa tumbo tunaanza na altrasaundi, ambayo haina mionzi kabisa. Ya kichwa tunaweza kupiga kama maisha yako hatarini, maana mionzi haielekezwi kwa mtoto. Na wale wanaochanganya picha na mionzi ya tiba ya saratani, kama inayotolewa Bugando na Ocean Road, hiyo ni kazi nyingine yenye vipimo vikubwa mno kuliko vyetu.

Mengine madogo. Vueni hereni, mikufu, pini, mawigi yenye vibanio. Hirizi pia, kama ina chuma. Sisi hatumcheki mtu, tunaifunga kwenye bahasha na kumrudishia. Ukiambiwa utachomwa dawa ya kusaidia picha, ile tunayoiita kontrasti, sema kama una ugonjwa wa figo, kisukari, au uliwahi kuvimba kwa dawa yoyote. Utasikia joto linapita mwilini, wengine wanadhani wamejikojolea. Hujajikojolea, mama, tulia.

Kazi yenyewe inaanza kabla hamjafika. Asubuhi mashine inapashwa joto, inapimwa kama maji bado inayasoma sifuri. Chumba lazima kiwe baridi, ndiyo maana mnanikuta na sweta wakati Mwanza jua linawaka. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya. Kifuani navaa kibeji kinachohesabu mionzi inayonifikia mimi mwenyewe. Kiwango cha mfanyakazi kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kwa kusimama nyuma ya ukuta wa risasi hatufiki huko. Kinachotuumiza zaidi ni migongo, kwa kunyanyua wagonjwa usiku. Na kuna wale wanaoniangalia juu mpaka chini na kuuliza, nesi, mwenye mashine yuko wapi? Mwenye mashine ndiyo mimi.

Ombi moja: msisome uso wangu. Ndugu wa mgonjwa wananisubiri mlangoni, nikitabasamu wanashangilia, nikikunja uso wanalia. Anayesoma picha na kuandika majibu ni daktari bingwa wa radiolojia, na mabingwa hao ni wachache, mara nyingine picha inatumwa kwa mtandao ikasomwe mbali. Na mashine haitibu. Shemeji hakupona kwa kuingia kwenye tundu, kama vile huponi njaa kwa kupima unga kwenye mizani.

Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye fedha, ndilo lililonileta mbele. Picha ni ghali kwa mama anayeuza sangara wa kukaanga. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na mwenye uwezo wa kujiunga na bima ajiunge akiwa mzima. Asiye na uwezo kabisa ana haki ya kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Aende na barua ya serikali ya mtaa, asione aibu.

Lakini katikati kuna sisi, wenye sanduku. Mfuko wetu wa jamii tunauchangia kila wiki. Kwa utaratibu wetu sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na halifunguliwi ila Jumamosi mbele ya wote. Utaratibu huo umetulinda miaka 10 na siupingi. Ila damu haingojei Jumamosi. Mtu akianguka Jumapili usiku, anatungoja siku sita.

Napendekeza kiasi fulani cha mfuko wa jamii, mkutano ndio uamue ni kiasi gani, kikae kwenye simu ya mweka hazina kwa ajili ya dharura ya uhai peke yake. Kitolewe kwa kauli ya viongozi wawili kwa simu, kilipwe hospitali moja kwa moja, kisipite mkononi mwa ndugu, na risiti isomwe Jumamosi inayofuata. Najua wapo wanaohofia simu kuliko sanduku. Hofu hiyo ni halali, na nataka tuijadili, ndiyo maana nimelisema leo wanachama wote mkiwepo, na mweka hazina akinisikia.

Mwenye swali la siri anifuate kule kwenye masufuria.