Jiwe la Kuketia

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni. Somo: Kutoka 17:8–13)

Pengine unanisikiliza ukiwa jikoni, au njiani, au umelala kitandani. Lakini leo nataka kusema hasa na wewe ambaye huwezi kuja kuketi karibu na redio, kwa sababu wakati huu unamgeuza mgonjwa upande wa pili. Usiache kazi yako. Ongeza sauti kidogo tu, nami nitasema nawe hivyo hivyo.

Ninatumika katika chama kidogo cha hiari huku kwetu, katika milima ya Taita. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Sisi hatuuguzi wagonjwa. Tunawasaidia wale wanaouguza nyumbani bila mshahara: binti anayemtunza mama aliyepooza, mzee anayemlisha mkewe aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo ambaye sasa ana miaka 15 na bado anabebwa mgongoni. Nikieleza hivyo, watu huniuliza, “Kwani hao nao wanaumwa nini?” Basi nitawaeleza juma moja la kazi yetu.

Jumatatu ni siku ya makaratasi. Iko pesa ya Inua Jamii ambayo serikali huwapa watu wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kuachwa bila mwangalizi. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini si kila anayehitaji ameandikishwa, na kabla ya kupata kadi ya ulemavu lazima mtu apimwe na madaktari. Je, umewahi kumteremsha mtu aliyepooza kutoka mlimani? Huku kwetu hukalishwa juu ya bodaboda, dereva mbele, na nyuma ndugu wa kumkumbatia asianguke. Wakifika na kuambiwa warudi juma lijalo, si mgonjwa peke yake anayelia.

Jumanne tunatembelea nyumba. Twafundisha mambo madogo: mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, unapomwinua, kunja magoti, usikunje mgongo. Ni mafundisho mazuri, lakini hebu fikiri nami. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na nyumbani kuna mtu mmoja tu. Dada mmoja aliniambia kwamba kwa miaka minne hajalala usiku mzima hata mara moja. Akasema pia kwamba watu wa kanisa wamekuja mara nyingi, wamemwombea mama yake vizuri sana, wakanywa chai wakaondoka. Na chai hiyo, ndugu zangu, aliipika yeye.

Jumatano ndiyo siku ninayoiogopa. Siku hiyo kamati hukutana kugawa wasaidizi. Tunao wanne, akina mama wa hapa hapa, ambao huenda nyumbani kwa mtu na kukaa na mgonjwa kutoka asubuhi mpaka saa saba, ili mwenye kuuguza alale, au aende sokoni, au akapalilie shamba. Zaidi ya wanne hatuna nauli yao. Juma lililopita nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na majina yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la msichana aliyeacha shule kidato cha tatu ili amtunze nyanya yake. Mwalimu wake alikuwa tayari kumfundisha siku mbili kwa juma, kama angepatikana mtu wa kukaa na nyanya. La pili lilikuwa la mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mkewe huamka usiku na kutoka nje akienda kwa wazazi wake, waliokufa zamani. Mzee amefunga kamba kutoka mkono wake mpaka mkono wa mkewe, ili akiamka naye aamke.

Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho tulimpa msichana. Nikaenda mimi mwenyewe kumwambia mzee. Alinisikiliza, akasema, “Mpeni mtoto. Mimi na huyu tumeshauzoea usiku.” Kweli, afadhali angenigombeza.

Alhamisi wanaouguza hukutana wao kwa wao. Hapana hotuba. Wanakaa, wanasuka vikapu, wanaongea. Siku moja dada mmoja, mwanamke mwenye kicho cha Mungu, alisema mbele ya wote, “Mimi naomba mama yangu afe.” Watu wakanyamaza kabisa. Nadhani baadhi yetu, kama tungekuwapo wakati huo tukiwa na Biblia zetu mkononi, tungalimkemea. Lakini mama mmoja wa makamo akasogeza kiti chake akamwambia, “Hata mimi nimewahi kuomba hivyo. Kaa hapa karibu nami.” Basi yule dada akalia, kisha akalala pale pale kitini, na wenzake wakaendelea kusuka polepole wasimwamshe.

Someni nyumbani habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii alikuwa chini ya mti, akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumwuliza maswali. Alimtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maswali yalikuja baadaye, Eliya alipokuwa na nguvu za kujibu.

Ijumaa ni hesabu za fedha, na sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba hazitoshi.

Wengine hufikiri jambo hili ni la nyumba za watu maskini tu, au la Afrika tu. Sivyo. Huko Uingereza alikuwako mchungaji mmoja mwanamke, wa kanisa la Congregational, jina lake Mary Webster. Mwaka 1954 aliacha utumishi wake ili awatunze wazazi wake wazee. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini akieleza hali ya wanawake wasioolewa wanaokaa nyumbani kuuguza wazazi, wasio na mshahara wala akiba ya uzee wao wenyewe. Basi wanawake wengi sana walimwandikia, kila mmoja akiwa amedhani yuko peke yake. Mwaka 1965 wakaunda chama. Mwaka 1976 serikali ya nchi ile ikaanza kutoa posho kwa wanaouguza. Lakini mke wa mtu hakupewa mpaka mwaka 1986, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba yeye yuko nyumbani tu hata hivyo. Nafikiri dhana hiyo tunaifahamu vizuri hapa kwetu pia.

Sasa tuje kwenye somo letu. Israeli walipigana na Amaleki, na Musa alikuwa juu ya kilima. Alipoinua mikono, watu wake walishinda, aliposhusha, walishindwa. Na Musa, pamoja na utakatifu wake wote, alichoka mikono. Angalieni waliyofanya Haruni na Huri. Hawakumwambia, “Ongeza imani.” Hawakumsifu kwa uvumilivu wake. Kwanza walitafuta jiwe wakamkalisha. Kisha wakashika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likazama. Kazi ilibaki kuwa ya Musa, lakini mikono haikuwa ya Musa peke yake.

Ndugu unayefanya kazi Mombasa au Nairobi, unatuma pesa kila mwezi kwa dada yako anayemtunza mama yenu. Ni vema, na Mungu akubariki. Lakini pesa hazimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Chukua likizo yako siku kumi mwaka huu, uje ulale chumba kile, na dada yako aende popote apendapo. Usimwulize anakwenda wapi.

Na ninyi wa chama cha akina mama, na wa vijana, na wa wanaume, mnapokwenda kumwombea mgonjwa, endeni na chai yenu kwenye chupa. Mmoja wenu abaki nyuma baada ya maombi, afue yale mashuka.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe husinzii, nawe unawaona walio macho kwa ajili ya wengine. Mkumbuke dada aliyelala kitini. Mbariki msichana yule na vitabu vyake. Na kwa ajili ya mzee mwenye kamba mkononi, mwamshe mtu mmoja katika kijiji chake, ambaye kesho asubuhi atabisha hodi kwake. Katika jina la Yesu. Amina.