KURA ISIYOHESABIWA SI KURA
(Hotuba ya karani mmoja wa machimbo mbele ya mkutano wa wanachama, Kamina)



Kazi yangu ni karani. Gari la mawe ya shaba likipita mizani bila kuandikwa daftarini, mzigo huo umepotea, hata kama wachimbaji walitoka jasho. Kura ni hivyo hivyo. Kuipiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhesabiwa.

Wako wanaosema kwamba mashini itamaliza udhalimu. Tutazame Marekani, nchi yenye mashini nyingi. Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, kura zaidi ya 170,000 hazikuhesabiwa, na Bush alimshinda Gore huko kwa kura 537 tu. Tume ya Haki za Raia ya nchi hiyo ilichunguza, ikaona kura ya mtu mweusi ilielekea kutupwa karibu mara 10 kuliko ya mtu asiye mweusi. Je, weusi walikuwa wajinga? Sivyo! Wilaya ya Gadsden, yenye weusi wengi, ilipoteza kura kama 12 katika kila 100. Jirani yake Leon haikupoteza hata 1 katika 100. Mashini za Leon zilikuwa pale pale kituoni: mtu akikosea, karatasi inarudishwa, anapewa nafasi ya kusahihisha. Karatasi za Gadsden zilihesabiwa mahali pengine, mwenyewe amekwisha kwenda nyumbani.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura kwa mashini kutoka Korea ya Kusini. Unagusa picha ya mgombea, karatasi inatoka. Wengi waliiita mashini ya kuiba. Lakini ndugu zetu wa Beni, Butembo na Yumbi hawakupewa hata nafasi ya kuigusa. Tume ya uchaguzi ilitaja Ebola na usalama, ikawaahirishia hadi Machi 2019. Rais akaapishwa Januari! Watu zaidi ya milioni 1 wenye haki ya kura hawakuhesabiwa katika kumchagua. Watu wa Beni walipanga foleni siku ile ile, wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi, kuonyesha kwamba ingewezekana.

Kule Florida aliyeumia alijulikana kwa rangi. Kwetu alijulikana kwa mahali anapokaa. Mashini haikuamua hayo. Waliamua watu.

Basi, ndugu, tudai mambo matatu. Kwanza, kila mtu asome karatasi yake kabla ya kuitia sandukuni, na asiyejua mashini afundishwe mapema, hata vijijini. Pili, hesabu ya kila kituo ibandikwe mlangoni na kutangazwa kituo kwa kituo, jambo ambalo mwaka 2018 hatukuliona. Tatu, asiapishwe mtu kabla wote hawajahesabiwa.

Tusichoke kuuliza hesabu. Mwenye mali ndiye mwenye haki ya kuuliza, na kura ni mali yetu.